Rukia, msimhamishe Baba kwanza

Makorora, Tanga

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum warahmatullah. Natumai wewe, shemeji na watoto hamjambo, na yule mdogo kifua kimeshapoa. Huku sisi wazima, mama anakusalimu sana, Mwajuma kajifungua kidume, joto la mwaka huu halisemeki. Habari nyingine zitakuja baadaye, maana nina jambo limenikaa kooni tangu ndugu yako Sefu aliponipigia kunieleza kuwa mmekaa kikao, mmeamua mwisho wa mwezi Baba yako ahamishiwe kwake Goba, Dar es Salaam, na nyumba ipangishwe, kwa kuwa "akili zimeshamtoka". Rukia, msimhamishe kwanza. Nakuomba kwa ule udugu wetu.

Najua haya ni ya ukoo wenu. Lakini mkonge ulipoanguka na marehemu baba yangu akarudi nyumbani mikono mitupu, ni Baba yako aliyeninunulia sare za kidato cha kwanza, wala hakumwambia mtu. Siwezi kunyamaza.

Nampitia kila nikitoka zamu. Anakaa uani, kwenye kile kiti cha marehemu mkewe, Bi Mkubwa, kanzu ina madoa. Baba yako, mtu aliyekuwa akipiga pasi kanzu zake mwenyewe kwa sababu hakuna aliyeweza kumridhisha! Ndevu hanyoi. Mzee Kombo anamwita barazani kwenye bao, anajibu kesho, na kesho ndiyo hiyo hiyo. Mwanahamisi wa hapo nyumbani anasema anakula matonge mawili matatu, anasukuma sahani. Saa nane za usiku yuko macho, harudi kulala. Na kweli anasahau, sikufichi: aliacha jiko linawaka, pensheni alipokea akadai hajapokea, juzi aliniuliza mara mbili leo ni siku gani. Ninachouliza mimi ni kimoja: haya yameanza lini? Yameanza baada ya Bi Mkubwa kutangulia mbele ya haki. Kabla ya hapo alikuwa anashika hesabu za msikiti. Ugonjwa wa kusahau wenyewe kwa kawaida huingia taratibu, kwa miaka, hata watu wa nyumbani hawawezi kusema ulianza mwezi gani. Huu wa Baba una tarehe.

Sefu kaniambia alimpima kwa simu. "Baba, jana umekula nini? Leo tarehe ngapi?" Baba akajibu sijui, sijui, wakahukumu. Basi na mimi nilikwenda nikakaa naye. Wataalamu waliofanya kazi na wazee wa Hai, kule Kilimanjaro, walitengeneza kipimo kisichomdai mzee ajue kuandika: anatajiwa maneno kumi ayakumbuke baadaye, anataja wanyama kadiri awezavyo, anapanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Nikatoa kiberiti. Hata sijakifungua, kasema, "Sijui mwanangu, niache, mimi sina faida tena." Nikakirudisha mfukoni.

Mara akapita muuza samaki, anaita pale nje. Baba akainua kichwa: "Yule Mwanahamisi asinunue kwake. Jana kampa changu watatu kwa bei ya wanne, na mmoja macho yameshazama." Nikamuuliza Mwanahamisi jikoni. Kweli tupu, hata lile la macho! Sasa niambie, huyu ndiye asiyejua jana kulikuwa na nini? Angenisimulia habari za 1988, Coastal ilipochukua ubingwa, nisingehesabu kitu, maana ya zamani hubaki hata kwa aliyeugua kweli. Lakini hii ilikuwa ya jana.

Nimeuguza wazee wengi, na tofauti ya ugonjwa wa kusahau na sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, nimeiona. Ambaye ugonjwa wa kusahau umemkamata, mara nyingi hajijui; ukimuuliza atakubunia jibu, atakutania, atamgeukia mkewe amjibie. Mwenye sonona anasema sijui kabla hajajaribu, na anajilaumu. Wazee wenye sonona mara nyingi hata hawalii, wala hawakwambii "nina huzuni". Wanalalamika mgongo, tumbo, usingizi, na akili zinakuwa nzito, hazishiki jambo. Watu wanaona kusahau, wanasema uzee. Na ule uzee tunaousingizia kila kitu! Huko Hai walipowapima wazee wa miaka 70 kwenda juu, matokeo yakatoka 2013, waliokuwa na ugonjwa wa kusahau walikuwa kama 6 katika kila 100. Wengi wa hao waliobaki walikuwa na akili zao. Uzee haumtoi mtu akili kwa kuwa ni uzee tu.

Lakini alipopelekwa ile hospitali, yule aliyemwona hata hakuinua macho kwenye daftari. "Ni umri huo, mpeni chakula laini." Nimekasirika mpaka leo. Hakumpima presha, hakumuuliza kuhusu mkewe, hakuangalia masikio. Baba sikio la kushoto halisikii, Rukia, unaongea naye anaitikia hewani, halafu mtu anaandika "amechanganyikiwa". Jicho moja nalo naona lina ukungu, nadhani ni mtoto wa jicho.

Na kuna hili la vidonge, ambalo limenitia hofu kuliko yote. Kwenye dirisha la chumba chake nimekuta kibahasha cha kaki cha duka la dawa, hakina jina, kimeandikwa "1 usiku". Ni diazepam. Sefu alimnunulia ili alale, kwa nia njema, simlaumu. Lakini mwili wa mzee hautoi dawa ile haraka, inajikusanya. Mchana anakuwa mzito, anayumba, anasahau, anaweza kuanguka akavunja nyonga. Sehemu ya hayo mnayoyaita kutokwa na akili inaweza kuwa imo ndani ya bahasha ile. Tafadhali msimwambie aache ghafla, kwa aliyezoea ni hatari. Daktari atapunguza kidogo kidogo. Kwa sasa nimemkabidhi Mwanahamisi bahasha yote aifungie.

Kwa nini aifungie, nadhani umeelewa. Alisema, "Mimi nawachosha tu, bora niondoke." Nikamuuliza waziwazi, Baba, unafikiria kujidhuru? Watu wanaogopa kuuliza, wanadhani wanamfundisha. Humfundishi, unampa nafasi ya kutua mzigo. Akanyamaza, kisha akasema hapana, anamwogopa Mungu, ila kila usiku anaomba asiamke. Nilishika mkono wake na sikuwa na la kusema. Usiwaambie wote haya. Mwambie Sefu peke yake, mlangoni kwake, si kwenye kundi la WhatsApp.

Sikuahidi kuwa ni sonona tupu. Mimi muuguzi, si daktari, na hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Sonona inayomjia mtu uzeeni wakati mwingine ndiyo mwanzo wa ugonjwa wenyewe wa kusahau, na sonona isiyotibiwa nayo inauongezea nguvu. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa huo ambayo yanaweza kushughulikiwa. Wakakadiria kuwa yakishughulikiwa yote, karibu nusu ya wagonjwa duniani, 45 katika 100, wangeepushwa au ungewachelewa. Sonona imo. Kutosikia imo, macho yasiyotibiwa, presha, sukari, upweke. Soma tena orodha hiyo kisha umfikirie Baba. Ndiyo maana nasema tutibu kinachotibika kwanza, halafu tuone kitakachobaki.

Nimempangia Jumanne kwa daktari wa afya ya akili. Nataka apimwe presha na sukari, damu iangaliwe upungufu, vitamini B12 na tezi la shingo, maana hayo yote yanaweza kumpumbaza mzee na yanatibika. Masikio nayo, isije ikawa ni nta tu. Akipewa dawa ya sonona, msitegemee aamke kesho yake anacheza bao. Inachukua wiki kadhaa, kwa wazee zaidi, na dozi huanza ndogo. Amitriptilini, ile dawa ya zamani ya sonona, mkatae kama kuna nyingine, kwa wazee nayo huvuruga kumbukumbu. Kisha baada ya miezi sita apimwe tena akili, kwa utulivu, si kwa simu.

Sasa Goba. Hapa anajua njia ya msikitini hata macho yakiwa hayaoni vizuri, anajua sauti ya kila muuzaji, kaburi la Bi Mkubwa liko karibu na kila Ijumaa anaomba apelekwe. Huko atafungiwa geti, Sefu na mkewe wanatoka alfajiri wanarudi usiku, anabaki na televisheni. Mzee aliyeanza kuchanganyikiwa ukimhamisha ghafla, mara nyingi anazidi. Na kama ni sonona, mtakuwa mmemwondolea kila kilichobaki. Akisema mwenyewe anataka kwenda, hiyo nyingine. Lakini kuna aliyemuuliza?

Mzee Kombo nimeongea naye, atakuwa anakuja yeye uani na bao lake. Alisema, "Kama hataki kuja, tutamfuata, na tutamfunga kete huko huko kwake." Walau yeye bado ana maneno.

Haya, nijibu: unaweza kumshawishi Sefu asubiri hiyo miezi sita? Nani atakuja Jumanne, wewe au Halima, maana daktari atataka mtu wa familia aeleze Baba alikuwaje zamani? Ile kadi yake ya matibabu ya wazee iko kwako au ilibaki kwenye sanduku la Bi Mkubwa? Kabla ya msiba aliwahi kusahau vitu vya ajabu ukanyamaza? Kuna mtu upande wa babu aliyeugua hivi? Na wewe mwenyewe unalala? Lini mara ya mwisho umempigia ukaongea naye wewe, si kupitia kwa Mwanahamisi? Mpigie baada ya Isha, upande wa sikio la kulia, mwambie Mwanahamisi amshikie simu. Usimuulize tarehe. Muulize habari za samaki.

Jibu kabla ya Jumapili, nimwandalie nguo.

Wako,
Mwanaidi