Shukrani kwa kaka wa pikipiki, Mikindani

Kaka uliyesimama pale Mikindani Jumamosi ile, ukaondoka kabla sijakuuliza jina: asante sana kwa kunitengenezea breki za gari.

Land Rover yangu ni Series III, ilitoka kiwandani na breki za dramu, zile zinazobana kwa ndani ya ngoma ya gurudumu, magurudumu yote manne. Zikiingia maji, ukikanyaga gari inavuta upande mmoja, na kuteremka Newala na mzigo ni kumwomba Mungu njia nzima. Ndiyo maana nikafunga breki za disiki mbele, zile za pedi kubana sahani. Lakini tangu nizifunge, habu (vitovu vya magurudumu) zikawa zinachemka, gari nzito kama imefungwa kamba, na mafundi wawili walishaniambia kalipa, yaani kibano cha pedi, ni mbovu, ninunue nyingine.

Wewe ulipiga jeki, ukalegeza nipo ya kalipa, kile kiskrubu cha kutolea upepo, kidogo tu. Mafuta yakaruka, tairi nikalizungusha kwa mkono mmoja. Ukasema: "Kalipa nzima hii. Presha inabaki kwenye bomba." Ukafungua masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedali ya breki, ukanionyesha kivalvu kidogo ambacho kazi yake ni kubakiza presha kwa ajili ya dramu; kwenye disiki kinazuia pedi zisiachie. Ukakitoa cha mbele, cha nyuma ukakiacha, maana kule dramu zipo bado. Kisha ukakaa juani saa nzima ukinikanyagia breki tutoe upepo kwenye mabomba, na hela ukakataa katakata.

Juzi nimeshuka Newala na magunia kumi ya korosho. Nilipofika chini niliweka kiganja kwenye habu: vuguvugu tu. Mama watoto alikuwa pembeni yangu, na safari hii hakushika dashibodi.