Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Jeshi la Akiba si la kufukuza wamachinga

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,
Dodoma.

YAH: MGAMBO WANAOFUNZWA KISHA WAKAPOTEA

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kuhusu watu ambao Serikali inawafunza kila mwaka, inawapa cheti, kisha haijui tena waliko. Mimi ni mmoja wao. Nilihitimu mafunzo ya Jeshi la Akiba, yaani mgambo, katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa. Tangu mkuu wa wilaya akague gwaride letu na kutuasa tuwe raia wema, hakuna afande yeyote aliyenitafuta kuniuliza ninaishi wapi, ninafanya nini, au kama magoti bado yanaweza kukimbia. Ombi langu nalitaja hapa juu ili usipate taabu ya kulitafuta chini: wizara iwe na daftari la kweli la mgambo wote waliohitimu, na iwe inawaita kwa mafunzo ya marudio. Yote yanayofuata ni sababu za ombi hilo.

Nchi hii ilijifunza mapema, tena kwa aibu, nini maana ya jeshi lisilo na mizizi kwa wananchi. Januari 20, 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi letu la wakati ule, waliasi pale Colito, kambi ambayo leo ni Lugalo, na wenzao wa Tabora wakafuata. Mwalimu akalazimika kuwaomba Waingereza, watu ambao bendera yao ilikuwa imeshushwa miaka miwili tu nyuma, waje wawanyang'anye silaha askari wetu wenyewe. Jeshi lile likavunjwa. JWTZ lilipoundwa Septemba 1 mwaka huohuo, vijana wake wengi walitoka katika umoja wa vijana wa TANU na wa Afro-Shirazi. JKT nalo lilikuwa limeshaanzishwa tangu Julai 10, 1963.

Halafu ukaja mwaka 1971. Wareno walikuwa wameivamia Guinea miezi michache nyuma, na Januari hiyo Idi Amin akampindua Obote hapo jirani Uganda. TANU ikatoa Mwongozo, waraka wake wa siasa, na humo ulinzi ukaelezwa kuwa ni kazi ya wananchi wote. Jeshi la kudumu lingebaki dogo, lakini nyuma yake wangekuwepo wakulima, wafanyakazi na wanafunzi wanaojua kushika bunduki. Wazo lenyewe mimi naliona lilikuwa zuri, tena la bei nafuu kwa nchi maskini.

Lilipimwa Kagera. Amin aliingiza majeshi yake mwishoni mwa Oktoba 1978, akadai ardhi yote ya kaskazini mwa Mto Kagera kuwa yake. Mwalimu akatangaza kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga tunavyo. Tuseme ukweli, uwezo huo siku ile haukuwa wote kambini. JWTZ lilikuwa na askari wasiofika 40,000. Likapanda hadi zaidi ya 150,000, na katika hao karibu 40,000 walikuwa mgambo. Wengine walitoka Polisi, Magereza na JKT. Wakuu wa mikoa waliagizwa watoe watu, na watu wakatoka. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Aliacha pamba ikiwa shambani, akapanda lori.

Naomba tukae kidogo Lukaya, ndani ya Uganda, maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Machi 10, 1979 Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa mgambo, ilikuwa katika mji huo mdogo kando ya kinamasi, kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala. Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin wakaifyatulia maroketi ya Katyusha. Wengi wa mgambo wakakimbia. Katika hotuba za Siku ya Mashujaa jambo hili halisemwi, lakini wale waliokuwepo wanalijua, na baba mdogo alikuwa analisimulia bila haya yoyote: mtu aliyefundishwa kwata na kulenga shabaha halafu akasikia ngurumo ile kwa mara ya kwanza maishani, miguu haimwombi ruhusa.

Lakini hawakufika mbali. Usiku uleule Brigedi ya 208, iliyokuwa kaskazini-magharibi, iliagizwa irudi upande wa barabara. 201 ikakusanywa na kupangwa upya. Alfajiri ya Machi 11, 208 ikapiga kutoka ubavuni, na mgambo walewale waliokimbia jana yake wakapiga kutoka mbele. Walibya na askari wa Amin wakavunjika. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilikuwa mikononi mwetu na mwa Waganda waliopigana pamoja nasi.

Mheshimiwa Waziri, kilichobadilika kati ya jioni na alfajiri ile ni kwamba watu walikusanywa wakapata uongozi. Ushujaa walikuwa nao tangu mwanzo. Askari wa akiba anahitaji mtu anayejua alipo na anayeweza kumwita. Leo ukitaka kumwita mgambo wa wilaya niliyohitimu, utampata wapi? Ofisi ya mshauri wa mgambo, ofisa wa jeshi anayetusimamia wilayani, ina majina yetu kwenye karatasi, na namba za simu ambazo nyingi zilishabadilika. Nusu ya kombania yetu wako machimboni Geita na Kahama. Wengine wako Dar es Salaam, wamekaa getini kwenye nyumba za watu na rungu mkononi. Mmoja ni bodaboda hapa Mwanza na ndiye hunipeleka zamu.

Sitaki uone kwamba napuuza mafunzo yenyewe. Yalikuwa magumu na tuliyapenda. Mchakamchaka ulianza giza likiwa bado zito, tukaimba hadi sauti zikakauka. Tulijifunza kwata, kusoma ramani, ujanja wa porini, huduma ya kwanza na kuzima moto. Polisi na watu wa Uhamiaji walikuja kutufundisha sheria. Kwa muda mrefu bunduki zetu zilikuwa za mbao, tulizochonga wenyewe, na aliyeichonga vibaya ilimchubua bega mwezi mzima. Sare na buti kila mtu alijinunulia, na mahindi na maharage tulichanga. Siku ya kulenga shabaha ndiyo tulipewa SMG za kweli. Mwenzangu wa kushoto alifumba macho yote mawili akakosa hata ubao, na afande akamwambia kwa upole kabisa kwamba adui atamshukuru sana. Kisha tukahitimu.

Baada ya hapo kazi inayotungoja ni ipi? Wachache hupata nafasi ya kuingia jeshini au kwenye kampuni za ulinzi. Wengine huchukuliwa na halmashauri, na hapo ndipo jina letu linapochafuka. Mwananchi wa kawaida akisikia mgambo hafikirii Lukaya. Anafikiria karandinga linashuka sokoni, ndoo za nyanya zinamwagwa na mama anang'ang'ania beseni lake. Kwa wazee sifa hiyo mbaya ni kongwe zaidi: mgambo ndiye aliyetumwa kuwahamisha watu kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 70, na mahali pengine nyumba zikachomwa. Mgambo ndiye aliyegonga mlango usiku kudai risiti ya kodi ya maendeleo, mpaka kodi hiyo ilipofutwa mwaka 2003. Wanaume wazima walilala porini wakimkwepa jirani yao mwenye fimbo. Mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini, nao wapate nguvu ya kukamata. Ilikuwa na mantiki yake kwa wakati ule wa wizi wa ng'ombe, ila mpaka kati ya askari wa akiba na mlinzi wa mtaa ukazidi kufifia.

Najua utasema mgambo wa jiji wako chini ya halmashauri, na halmashauri ziko TAMISEMI. Ni kweli. Lakini wengi wa hao walifunzwa na maofisa wa jeshi lako, na cheti wanachoajiriwa nacho kinataja Jeshi la Akiba. Halmashauri inayotaka watu wa kusimamia usafi na ushuru ina haki ya kuwaajiri. Iwape mafunzo ya kazi hiyo, mkataba, jina lake na sare yake. Jina letu lirudi kwenye ulinzi wa nchi.

Kuna waliowahi kuniambia kwamba vita vya Kagera viliisha zamani na mambo haya ni ya kihistoria. Hao nawaomba waende Mtwara. Oktoba 2020 magaidi kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, walivuka Mto Ruvuma wakakishambulia kijiji cha Kitaya. Kwenye mpaka wa namna ile, anayejua njia zote za mtoni na kila mgeni anayelala kijijini ni mtu wa hapohapo. Akiwa amefunzwa, yuko daftarini na ana namba ya kupiga, ni macho ya jeshi. Akiwa amefunzwa kisha akaachwa na njaa yake, ni mtu anayejua kutumia silaha ambaye dola haijui aliko. Sina haja ya kukueleza wewe hatari ya hilo.

Uswisi, nchi isiyopigana na mtu, huwarudisha askari wake wa akiba kambini kwa wiki tatu hivi, mara kadhaa kabla ya kuwaachia kabisa. Sisi hatuna fedha hizo. Siku chache kila mwaka zingetosha, wilayani kwetu, baada ya mavuno, chini ya washauri wa mgambo ambao tayari mnawalipa mishahara. Kitambulisho cha Taifa tunacho, kwa hiyo kuhakiki jina, makazi na simu si kazi ya kutafutiwa mfadhili. Na mgambo anayeumia akiwa kazini kwa amri halali ajue mapema nani atalipa hospitali. Niliwahi kumchangia mwenzetu aliyevunjwa mkono kwenye doria. Ofisi iliyomtuma ilisema hayumo kwenye orodha yake ya watumishi.

Wizara yako husoma bajeti bungeni kila mwaka, na mara nyingi tunasikia waliofunzwa ni wangapi. Mwaka huu naomba utusomee pia namba nyingine: kati ya wote waliohitimu Jeshi la Akiba katika miaka kumi iliyopita, ni wangapi ambao ofisi za wilaya zinaweza kuwapata kwa simu ndani ya saa 24.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mhitimu wa Jeshi la Akiba, mlinzi wa ghala,
Mwanza.