Kaka, kona yako bado iko wazi

Kaka habari za Arusha,

Najua nimekaa kimya tangu Ramadhani, usininunie. Huku wote wazima, mama anakusalimia sana. Nimeandika kwa sababu ya listi ya nyimbo za bendi yetu, aisee inaninyima usingizi.

Shoo ya Masaki ni tarehe 14, seti mbili za dakika 45, na mpaka leo tumekubaliana nyimbo sita tu. Ulivyoondoka tulidhani tumepungukiwa mtu mmoja, kumbe umeondoka na nusu ya nyimbo. Juzi mazoezini tukajaribu Pick Up the Pieces, ile ya wale jamaa wa Scotland, si unajua melodi yake inataka saksafoni mbili zibanane, sasa Dogo yuko peke yake, kapiga vizuri kabisa lakini tulipofika pale ulipokuwa unamjibu na tarumbeta wote tukageuka kuangalia kona yako. Myuti yako, kile kizibo cha kufifisha sauti ya tarumbeta, bado iko juu ya spika, hakuna aliyeigusa. Ticha akazima kinanda, akasema hii tuitoe. Ikatoka.

Nikarudi home nawaza, kwa nini tunang'ang'ania nyimbo za watu wengi na sisi tuko wanne? The Meters wa New Orleans Cissy Strut ya 1969 waliipiga wanne, ogani, gitaa, besi na dramu, basi, hamna cha tarumbeta. Utamu wote uko kwenye zile nafasi wanazoachiana, huyu ananyamaza, yule anachomekea, halafu wote wanatua pamoja. Jana Dogo kachukua melodi ya gitaa kwa saksafoni na mimi nikapunguza mikono kwenye besi, dah, bendi ikapumua. Hiyo inafungua seti, hata Ticha hajabisha.

Anabisha kwenye Chameleon ya Herbie Hancock. Anaitaka ndefu kama rekodi ya 1973, na ile inapita dakika 15, yaani theluthi ya seti na watu wanakula samaki pale! Ila kanipa wazo zuri, kwa sababu ule mstari wa besi Herbie aliupiga mwenyewe kwa sintesaiza basi Ticha anaushika kwa mkono wa kushoto na mimi napanda juu kuchezea kama gitaa. Wiki nzima vidole viligoma, sasa vimekubali na nimeipenda mno. Nimemwambia dakika nane. Dogo naye anataka Watermelon Man ya Herbie huyohuyo, ile rekodi yake ya pili, yenye kupuliza chupa mwanzoni, kaja na chupa yake ya soda anaipunguza maji mpaka ipate noti.

Sasa kilichobaki ni Malaika. Meneja wa pale anaitaka na mimi naitaka, taratibu, kodi (chords) za jazi, dramu kwa brashi. Tumeijaribu kwa saksafoni, haikai. Ile beti ya kwanza naisikia kwa tarumbeta lenye myuti, na sijui mwingine wa kuipiga zaidi yako.

Kazini watakupa ruhusa Ijumaa? Nikikutumia nauli utapanda basi la asubuhi? Midomo bado iko fiti au tarumbeta umeliacha kabatini? Ukija Pick Up the Pieces tuirudishe? Na Malaika tuiweke katikati au ifunge? Nijibu kabla ya Jumapili, Ticha anataka kuprinti listi.