Msikishushe Kidole cha Mtoto

Wanangu mnaolea watoto wadogo hapa mtaani, akina mama, akina baba, na nyinyi mabinti mnaowatunza watoto wa wenzenu,

Hamjambo. Juzi kwenye arobaini nilimwona mtoto, mwaka na nusu hajautimiza, akimnyooshea kidole mzee mmoja mwenye kofia nyekundu. Mama yake akamchapa kiganja: "Usimnyooshee mtu kidole!" Mtoto akakunja mkono, na mzee wa watu akaivua kofia kwa haya. Pale hapakuwa mahali pa kusema, ndiyo maana naandika.

Adabu hiyo naijua. Sisi tuliambiwa ukilinyooshea kaburi kidole kitaoza, na tukijisahau tunakiuma upesi. Lakini adabu ina umri wake. Mtoto yule neno "kofia" hana bado. Alichonacho ni kidole.

Na vidole haviko namna moja. Akionyesha embe juu ya kabati huku analia, anaomba. Akionyesha ndege inayopita angani kisha akageuka kukutazama usoni, haombi kitu; ndege ataiweka wapi? Anataka muitazame pamoja. Hapo ndipo pa kumpa neno: "Ee, ndege! Ndege inapita." Halafu nyamaza, naye ajibu kwa namna yake. Ukiwa umeinamia simu, kidole kinashuka chenyewe.

Wengine mnaogopa kwamba akizoea ishara atakuwa mvivu wa kusema. Hata mimi kwa mwanangu wa kwanza niliogopa. Watafiti wa Marekani waliwafuatilia watoto 10 tangu wana miezi 10 hadi 24, wakatoa matokeo mwaka 2005: vitu vingi mtoto alivionyesha kwanza, majina yakafuata. Na waliotangulia kuchanganya kidole na neno, tuseme mtoto anaonyesha kiatu huku anasema "baba", ndio waliotangulia kuunganisha maneno mawili. Wewe mmalizie: "Kiatu cha baba." Hiyo "cha" ameipata bure.

Basi nanyi tumieni mikono. Uji ukiisha, fungua viganja useme "kwisha!" Baba akitoka, mpungieni.

Ila aliyetimiza mwaka na haonyeshi kitu, hapungi, wala hanyanyui mikono abebwe, mpelekeni kliniki, aanze kupimwa masikio. Aliyekuwa akipunga akaacha, msingoje hata wiki. Najua mtaambiwa "baba yake naye alichelewa kusema." Kuchelewa kwa baba hakumpimi mtoto masikio.

Yule mama wa arobaini asinionee haya. Namwomba aje na mwanawe nyumbani jioni yoyote. Ile kofia nyekundu ni ya mume wangu, iko pale msumarini karibu na mlango, na mwenyewe ameshauliza mara mbili yule mtoto ni wa nani.

Ni mimi, bibi yenu.