Kilwa Kisiwani, mama yangu aliletewa kigoda

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wanaosimamia malikale zetu.

Julai nilimpeleka mama yangu Kilwa Kisiwani, kuona magofu ya mji wa kale. Ana miaka 74 na magoti yanamsumbua. Tulivuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko tukakuta maji yamekupwa, boti haisogei ufukweni. Nahodha akakunja suruali, akashuka, akampa mama bega. "Shikamoo bibi. Kanyaga taratibu, hapo pana mawe." Wakaenda hivyo hadi mchangani.

Muongozaji, mzaliwa wa kisiwani, alianza kwa kumuuliza mama kwao ni wapi. Mama akajibu Ndanda. Kumbe mke wake ana shangazi Masasi! Wakawa wanatafutana ujamaa huku tunatembea. Ndani ya Msikiti Mkuu aliushika mkono wa mama akauweka juu ya jiwe la tumbawe, alipapase. Akasema upande ule mpana uliongezwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, huyohuyo wa jumba la Husuni Kubwa. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko, alipofika mwaka 1331 alimkuta akitawala, na watu wakimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Fakiri wa Yemen alimwomba nguo alizovaa mwilini, naye akampa. Mama aliishia darasa la nne, lakini kisa hicho wajukuu wote wamekisikia kwake.

Husuni Kubwa hakuweza kufika. Mama mmoja wa kijijini akamletea kigoda chini ya mti, kisha maji, kisha uji. Mimi nikaenda, nikaliona lile bwawa la pembe nane. Niliporudi walikuwa wanacheka kama watu waliokua pamoja.

Nasema haya kwa sababu miaka miwili nyuma nilimpeleka kwenye magofu mengine, sitayataja. Aliyekaa dirishani alipokea fedha macho yakiwa kwenye simu. Nilipouliza kama kuna mahali pa mzee kupumzika, alinionyesha lango kwa kidevu. Mama alirudi kukaa kwenye gari. Hadi leo hajui ndani kulikuwa na nini.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini 2004, yakatolewa 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyakarabati. Kazi hiyo naiheshimu sana. Sasa bajeti iwafikie na watu: waongozaji wa kisiwani wawe na malipo ya uhakika hata miezi ya mvua wageni wanapopungua, mama wa uji apate kibanda chake, na pale pa kushukia pajengwe ngazi. Nahodha yule hana mabega ya kutosha kwa wazee wote.

Mwalimu mstaafu,
Lindi