Barua ya wazi kwa wanangu mliooa na kuolewa kwenye nyumba za Simba na Yanga

Wanangu,

Hamjambo? Barua hii ni yenu mlioingia ukweni mkiwa hamjui hata kona inapigwaje, mkakuta bendera ukutani na mashemeji wanaoitana kwa majina ya wachezaji. Nyumba hizo hazihitaji shabiki lialia mwingine, hao wanao wa kutosha. Wanahitaji mtu wa kukaa naye, anayefuatilia kidogo na asiyejifanya. Shabiki wa kawaida ana heshima yake. Anayechekwa ni shabiki maandazi, yule aliyenunua jezi juzi na leo anamfokea kocha.

Ligi Kuu ya Tanzania ina timu 16, kila timu inacheza mechi 30. Msilazimishe kuzitazama zote, mtachoka kabla ya Krismasi. Chukueni dabi mbili za ligi, yaani Simba na Yanga zenyewe, mechi za mashindano ya Afrika (CAF) zinazopigwa nyumbani, na sherehe ya kufungua msimu: Simba Day kwa Simba, Wiki ya Mwananchi kwa Yanga. Hizo zinatosha mtu kuonekana yumo.

Ratiba iangalieni kabla ya kupanga posa, kicheni pati au arobaini ya mtoto. Lakini msiiamini kupita kiasi. Dabi ya 8 Machi 2025 iliahirishwa watu wameshajiandaa, ikaja kuchezwa 25 Juni. Shughuli ikigongana na dabi, wanaume watakuwepo kwa miili tu, na siku hizi wanawake vilevile.

Sasa sheria. Mengi mtayaokota kwa kutazama, ila kuotea kunawashinda wengi, kwa hiyo kaeni mezani mjifunze. Chukua vikombe vitatu na kisoda kimoja. Ukingo wa meza ndio goli. Kikombe cha kwanza, kipa, kiweke karibu na ukingo. Cha pili, beki, kiweke mbele yake kama shubiri moja. Cha tatu ni mshambuliaji anayelishambulia goli hilo. Kisoda ni mpira, uko nyuma kabisa kwa mchezaji mwenzake. Mshambuliaji akiwa karibu na ukingo kuliko beki na kuliko mpira, pale mwenzake anapoupiga, halafu akaucheza, ameotea. Akiwa sambamba na beki, hajaotea. Wengi hukosea hapa: wanamtazama alipo wakati anaupokea. Kinachohesabiwa ni alipokuwa wakati mpira unapigwa, ndiyo maana mtu anaweza kuonekana kawaacha mabeki mita kumi na goli likakubaliwa. Pia hakuna kuotea ukiwa kwenye nusu yenu ya uwanja, wala mpira ukitoka moja kwa moja kwenye kona, kurushwa au kwenye goli kiki. Mkilijua hilo, shemeji zenu wataanza kuwaangalia kwa jicho jingine.

Jambo la pili ni msimamo. Ushindi pointi 3, sare pointi 1. Mtashangaa timu inaongoza 4-0 na bado baba mkwe anapiga kelele akitaka la tano. Hajachanganyikiwa. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba zilimaliza na pointi 69 kila moja, Azam ikachukua nafasi ya pili kwa tofauti ya mabao ikaenda Ligi ya Mabingwa, Simba ikaangukia Kombe la Shirikisho. Nyumba za Simba hazijasahau.

Na kuna mambo yasiyosahaulika ambayo lazima myajue ili msiyaguse. Nyumba ya Simba itawasomea 6-0 ya 1977 na 5-0 ya 6 Mei 2012. Nyumba ya Yanga itawajibu kwa 5-0 ya 1968 na 5-1 ya 5 Novemba 2023. Mkikariri hizo nne mnaweza kufuata mabishano yoyote ya sebuleni. Vidonda ni vingine. Kwa wazee wa Simba ni fainali ya Kombe la CAF ya 1993: walitoka suluhu Abidjan na Stella ya Ivory Coast, wakaja kufungwa 2-0 hapahapa Dar. Kwa Yanga ni fainali ya Shirikisho ya 2023: walifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, wakashinda 1-0 Algiers, jumla ikawa 2-2, kombe likaondoka kwa sheria ya goli la ugenini, maana wageni walikuwa wamefunga mawili Dar na Yanga moja tu Algiers. Mkwe mpya asiwe wa kwanza kuyataja. Mwenyewe akianza, sikiliza mpaka amalize.

Utani ndio unaowaharibia wengi. Mnaingia mmeshakariri "vyura" (kejeli kwa Yanga) na "makolo" (kejeli kwa Simba), mnavitupa mbele ya mama mkwe. Mpira haujafuta adabu ya ukweni. Shemeji kwa shemeji taniana mpaka mchoke, hiyo ni haki yenu tangu zamani. Babu na bibi wa mwenzako pia, mara nyingi wao ndio wachokozi. Baba mkwe na mama mkwe subiri wakuanze, na ukijibu jibu kwa ufupi huku unacheka. Picha za kejeli kwenye kundi la familia usiwe wewe wa kuzituma, hasa usiku wa kufungwa. Kenya wenzenu wana mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards wanayoiita kabisa dabi ya Mashemeji, kwa jinsi Wajaluo na Waluhya walivyooana. Wameliweka jambo mahali pake.

Siku ya mechi sebuleni: chakula kigawiwe kabla ya filimbi ya kwanza au kisubiri mapumziko, ambayo ni dakika 15. Usipite mbele ya runinga wakati wa kona. Swali liulize mpira ukiwa umetoka. Kibao cha dakika za nyongeza kikishanyanyuliwa, nyamaza.

Mkialikwa Uwanja wa Mkapa, watu 60,000 wanaingia pale, kwa hiyo dabi ya saa kumi na moja jioni msitoke nyumbani saa tisa. Kadi ya tiketi iwekeni pesa mapema, siyo getini. Ulizeni mnakaa jukwaa la nani kabla ya kuchagua nguo. Nyekundu katikati ya Wananchi, yaani Yanga, au kijani katikati ya Wanamsimbazi, yaani Simba, hata ikiwa ni kanga tu, itawakosesha raha.

Suala la pesa nalizungumza kwa ukali kidogo. King'amuzi na jezi moja kwa msimu ni matumizi ya nyumba. Mkeka wa kubeti si matumizi ya nyumba. Shemeji akikopa "nitarudisha Jumatatu" ili abeti, mnyime mapema na kwa upole, maana ukimpa mara moja utakuwa benki yake msimu mzima.

Wale ambao mume ni Yanga na mke ni Simba, au kinyume chake, kubalianeni kuhusu watoto kabla mimba haijatimiza miezi tisa, kwa sababu babu atafika hospitali na kijijezi mkononi. Ninachowashauri ni hiki: pokeeni jezi za pande zote mbili, mtoto avae ya nyumba anayotembelea, na asilazimishwe kuchagua mpaka aweze kutaja mwenyewe wachezaji watano wa timu anayoitaka. Mkinunua, chukueni saizi ya juu. Jezi hubadilika kila msimu, na mtoto wa miaka miwili haingii kwenye ya mwaka jana.

Wasalaam,
Shangazi yenu