Si kila kuchangiwa ni uonevu

Mhariri,

Hapa Ngamiani, kila anayechangiwa, yaani kuuawa na wawili au zaidi, kwenye gemu za mapigano za simu hulalamika ameonewa. Kwenye mchezo wa vikosi, wanne kumzunguka aliyebaki peke yake ni halali. Lakini wanaoingia mchezo wa kila mtu kivyake kisha wakapeana ishara wasipigane ni wezi, na waandaaji wa mashindano ya mitaani wawaondoe bila huruma.

Idadi inauma kuliko watu wanavyodhani. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alionyesha mwaka 1916 kwamba nguvu ya kundi linalofyatua kwa pamoja hukua kwa mraba, yaani idadi mara idadi: wanne kwa wawili ni 16 kwa 4. Wakilingana shabaha, wale wanne hupoteza kama uhai wa nusu mtu tu!

Basi aliyezidiwa asikimbilie uwanjani. Aingie kwenye ngazi au korido, abane pembeni mwa mlango ambapo mmoja tu anamwona. Apige, arudi nyuma, ajaze risasi, abadili kona. Kosa linaloua wengi ni kumfuata aliyeanguka ili kummalizia huku mwenzake bado amesimama.

Waandaaji nao wahesabu vichwa mapema ili pande zianze sawa. Mtandao wa mchezaji ukikatika kabla ya risasi ya kwanza, raundi irudiwe.

Mchezaji, Tanga